Maswali ya Juu ya Jiwe

Kijijini, Nduguti
11 Februari 2024

Kaka Emilian,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni kwa sababu ndani giza, na mvua leo imetupumzisha. Huku tupo. Mimi mzima, Nathanaeli mzima, mama mkwe mzima na magoti yake yale yale. Mtama umetoka vizuri, alizeti tumechelewa kidogo. Misigiri nilipita baada ya Krismasi kuwaona wazazi. Baba anakohoa, lakini ile sweta uliyomtumia haivai, anasema anaitunza. Anaitunza hadi lini, hakusema. Wifi Pendo na watoto hawajambo huko Mpanda?

Utajiuliza kwa nini barua na simu zipo. Mtandao hapa unashika juu ya jiwe tu, lile kubwa la nyuma ya shule, na juu ya jiwe huwi peke yako. Ukianza kuongea, wenzako wote waliokuwa wanaongea na simu zao wananyamaza wakusikilize wewe. Juzi Shukuru, kijana wa jirani, alimwomba binti uchumba kwa simu pale juu, na kijiji kilijua kakataliwa kabla hajateremka. Kwa hiyo naandika, kama tulivyokuwa tunaandikiana ulipokuwa bweni. Barua nampa kondakta wa basi la Singida, na yeye atamkabidhi mwenzake wa Mpanda.

Sasa jambo lenyewe ni ng'ombe. Tangu Oktoba wanatupa mimba. Alianza yule mwekundu wa mama mkwe, mimba kubwa kabisa, ndama katoka na manyoya yake, amekufa. Akafuata Kipara. Wiki iliyopita ni mtamba, yule ambaye Nathanaeli alimnunua mnadani. Wote watatu kondo lilibaki ndani, na unajua likibaki anaitwa nani. Mkono wangu bado mwembamba kama baba alivyokuwa akisema. Siku hizi hata majirani, mbuzi akikwama au ng'ombe akikwama, ni "mwiteni Dina". Nimeyatoa yote kwa mkono huu, na mbwa wakala.

Nilipanda jiwe na simu nikauliza: kwa nini ng'ombe wanatupa mimba. Yakaja mengi. La kwanza ni mtu anayeuza dawa ya majani, kaweka namba yake na picha ya ng'ombe wa kizungu mwenye kiwele kama pipa. La pili ni nabii anayeombea mifugo iliyorogwa. La tatu lilikuwa la wanawake wenyewe, wanaotoka mimba. Hilo nikalifunga haraka, maana Shukuru alikuwa amesimama nyuma yangu. Wewe ndiye daktari wa mifugo, tafadhali tutafutie. Tukipoteza na wale wawili waliobaki na mimba, mwaka huu hatuna maziwa wala ndama.

Nimesema mimi mzima na kweli mzima, ila vihoma vya jioni vinakuja na kuondoka, na mgongo unauma. Halafu ile safari niliyokuwa nayo mwaka jana iliishia njiani mwezi wa kumi na moja. Mama alikuja akakaa nami. Ni mambo ya wanawake, nimeyataja tu ili usije ukaniuliza habari za mtoto kwenye simu mbele ya watu. Mama mkwe sasa anahesabu miaka ya ndoa yetu kwa sauti.

Mdogo wako,
Dina


Mpanda
3 Machi 2024

Dina mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuja na harufu ya samaki, kondakta aliiweka sijui wapi, lakini ilifika. Sisi hatujambo. Pendo anasahihisha mitihani ya kidato cha pili na ukimsemesha anakujibu kwa alama. Mtoto mkubwa ameng'oka meno ya mbele, anacheka mdomo umefunikwa na mkono. Baba mwachie sweta yake, atazikwa nayo ikiwa mpya.

Nimecheka kwa ng'ombe wa kiwele cha pipa. Ngoja nikueleze, maana hili nawafundisha hata vijana wanaokuja kwangu mafunzoni. Wewe umeuliza mtandao kama unavyomuuliza jirani: kwa nini hiki, kwa nini kile. Mtandao haujui kwa nini. Unakwenda tu kutafuta maneno yako yako wapi, na maneno yako yako kwa wauza dawa na manabii, kwa sababu wao ndio wanaoandika kama watu wanavyosema. Wanakusubiri mlangoni. Mimi siulizi swali. Naandika jina la ugonjwa ninaoushuku, kwa Kiingereza, naongeza Tanzania, naongeza kwamba mimba inatoka ikiwa kubwa na kondo linabaki. Kisha naruka kila ukurasa wenye namba ya simu, nafungua za watafiti na za wizara. Chai yangu haikupoa, nikawa nimeshapata.

Kwa maelezo yako huo ni ugonjwa wa kutupa mimba, jina lake la kitaalamu ni brusela. Mwambie Nathanaeli aende kwa ofisa mifugo hapo Nduguti, aje achukue damu ya ng'ombe wote ipimwe. Yule mtamba wa mnadani ndiye ninayemshuku kuwaletea, lakini damu ndiyo itasema. Waliotupa watengwe. Ndama aliyetupwa na kondo lake vichomwe au vifukiwe chini sana, mbwa wasile. Vaa glavu. Dume la jirani lisiingie zizini. Na maziwa chemsheni.

Homa nenda zahanati wakupime malaria. Mimi ni daktari wa ng'ombe, binadamu nawaachia wenyewe. Habari za safari nimeziona. Hayo ni yako na mama, au mwandikie wifi yako, mimi sitayaingilia. Pole.

Kaka yako,
Emilian


Kijijini, Nduguti
14 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumeipata barua na tumekushukuru. Huku mvua zinaelekea kwisha na mtama umeanza kuinama. Sisi wazima. Baba alivaa sweta siku ya Pasaka, akaivua kabla ya kula ubwabwa.

Ofisa mifugo alikuja na pikipiki yake, mtu mwema, akachukua damu ya kila ng'ombe. Majibu bado. Nathanaeli amewatenga wale watatu kwenye zizi la miiba. Mama mkwe hakufurahi, kwa sababu yule mwekundu ni uzao wa ng'ombe wa mahari yake, wale walioletwa kwa baba yake siku alipotolewa, na mmoja akarudishiwa yeye akaanzie nyumba. Kumtenga kwake ni kama kumtenga yeye. Maziwa ya kuchemsha ndiyo hataki kuyasikia. Anasema hayagandi vizuri kwenye kibuyu, hayana ladha, na amekunywa hivyo tangu azaliwe na yupo. Sikubishana naye, tunakunywa vile vile. Glavu dukani hakuna. Wiki iliyopita nilitoa kondo la ng'ombe wa Anastasia, jirani, bila glavu. Ningekataaje, ng'ombe analia.

Nilipanda jiwe nikajaribu maneno yako, nikayapanga kama ulivyoyapanga wewe. Kweli wauza dawa walikimbia wote. Zikaja kurasa za Kiingereza tupu na majedwali. Mimi nimemaliza kidato cha nne, lakini Kiingereza kile hatukukutana nacho. Nilichoambulia ni ramani ya Tanzania yenye madoa, na kwa Singida sikuweza kujua kama lile ni doa au ni uchafu wa kioo cha simu. Ndipo nilipoona kwamba maneno ya mtaalamu yanakufungulia nyumba ya mtaalamu, ukishaingia hujui ukae wapi.

Homa hazijaisha. Zahanati malaria hawakuiona, walisema ni taifodi. Nikameza dawa, ikaondoka, ikarudi, nikameza tena. Sasa ni mara ya tatu. Nilipoiuliza simu homa ya jioni na jasho la usiku, ikaniletea kifua kikuu, UKIMWI na tangazo la mganga. Nilikaa pale juu nikilia, Shukuru akaniuliza nimepata msiba gani. Nikasema moshi.

Kaka, lipo jambo ninalolitafuta pale juu, la kwangu mwenyewe, si la ng'ombe. Sijui niliandike vipi. Nikiliandika kwa maneno yangu ninaletewa uchawi na picha za kutisha. Wewe unayo maneno. Lakini hilo siwezi kukutajia, wewe ni kaka yangu. Nikimaliza kutafuta nafuta yote, maana simu hii inashikwa na kila mtu.

Nina safari nyingine, bado changa. Nathanaeli peke yake ndiye anayejua. Mnisalie.

Dina


Kijijini, Nduguti
2 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya mwezi wa nne ilifika au ililiwa na samaki. Hatujapata neno lako. Natumaini wifi na watoto ni wazima.

Majibu ya damu yametoka. Ni kama ulivyosema, wale watatu na mmoja wa waliobaki. Ofisa mifugo amesema waende machinjioni chini ya usimamizi, wasiuzwe mnadani kwa mtu mwingine. Watatu wamekwenda. Mwekundu bado yupo, mama mkwe amekaa mlangoni mwa zizi na fimbo, na Nathanaeli hawezi kumsukuma mama yake.

Safari yangu imejulikana, tumbo halifichiki. Mama mkwe hakupiga vigelegele. Alisema hata ile ya kwanza na ya pili zilionekana hivi hivi. Ndiyo, kaka, zilikuwa mbili, ya kwanza sikukuandikia. Amepanga baada ya mavuno anipeleke kwa mtaalamu mmoja huko porini akanifungue tumbo, na akishindwa huyo, Nathanaeli atafutiwe mwingine wa kumzalia. Alisema hayo mbele yangu akipepeta mtama, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga siku ya kwenda sokoni.

Homa ipo. Jana nilishindwa kuinua ndoo.

Dina


Mpanda
16 Juni 2024

Dina,

Leo sianzi na mvua wala watoto.

Barua zako zote mbili nimezisoma juzi. Nilikuwa vijijini kwenye chanjo, kambi baada ya kambi, nyumbani nikipita kubadili nguo tu, na barua ya Aprili ilikaa kwenye begi la kazi haijafunguliwa. Ya Juni aliifungua Pendo kwa sababu alikuwa na wasiwasi, kisha akaitafuta na ile nyingine. Niliporudi aliziweka zote tatu mezani, pamoja na ya Februari, akaniuliza: "Huyu mdogo wako umemsoma yeye, au umewasoma ng'ombe wake tu?" Nikamwambia nimesoma vyote. Akasema, "Haya, niambie ana nini." Nikakaa chini, nikazisoma upya.

Dina, ugonjwa huo wa ng'ombe unaingia kwa binadamu. Najua tangu mwaka wa kwanza chuoni, nimewaambia wafugaji mara sijui ngapi. Kwako niliuandika kwa maneno matatu, "na maziwa chemsheni", baada ya dume la jirani. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua, kumbe kila mtu huyo ni sisi wa fani hii tu. Nilikuwa na maneno yote ya kutafutia ng'ombe na nikayatumia, nikapata ng'ombe. Uliponiandikia homa ya jioni na mgongo, nikaona si idara yangu. Uliponiandikia safari, nikaona si heshima yangu. Ungekuwa ng'ombe ningekugundua Februari. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo kweli.

Kwa hiyo sasa nakuuliza, na mama atanisamehe. Wewe umekuwa ukishika makondo hayo kwa mkono mtupu, unakunywa maziwa mabichi, una homa inayokuja na kwenda, na mimba mbili zimetoka. Nadhani una brusela. Sijui kwa hakika, mimi si daktari wa watu, damu ndiyo itasema, kama ilivyosema kwa ng'ombe. Na mimba hutoka kwa sababu nyingi. Lakini hii inatafutika, na inatibika.

Usiende porini. Nenda hospitali kubwa Singida, usisubiri mavuno. Usiwaambie "nina homa" peke yake, ukisema hivyo watakupima yale yale. Waambie hivi: naomba nipimwe brusela, nimewahudumia ng'ombe waliopimwa wakakutwa nayo, nimetoka mimba mbili, na sasa nina mimba. Hilo la mwisho usilifiche kwa aibu, kwa sababu dawa za mjamzito si sawa na za mtu mwingine. Hayo ndiyo maneno uliyokuwa unayatafuta pale juu. Yatamke kwa mpangilio huo.

Nimepiga simu siku tatu. Ya tatu akapokea Nathanaeli juu ya jiwe, nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Nina neno la kumponya dada yangu mdomoni, na nikauliza habari za mtama. Mwishowe nikamwambia maziwa yachemshwe yote kuanzia leo na wewe usiguse ng'ombe hadi barua ifike. Alisema sawa. Mpe na yeye aisome hii.

Nakutumia na boksi la glavu, zile ndefu za hadi begani. Ni kwa ajili ya baadaye. Kwa sasa mkono wako mwembamba uwe wa kushonea.

Emilian

Wifi, ni mimi Pendo. Kaka yako amechana karatasi nne kabla ya hii, na kwenye neno mimba alisimama akaenda kunywa maji. Na mimi mwaka ule kabla ya mtoto wetu wa pili nilirudi njiani. Nilikaa miezi nikiandika kwenye simu "kwa nini mimi", na hakuna ukurasa wa hilo. Nenda Singida. Ukikosa wa kukusindikiza, nitaomba ruhusa shuleni nije.


Kijijini, Nduguti
18 Agosti 2024

Kaka Emilian na wifi Pendo,

Shikamoo kaka. Wifi, salamu. Mtama tumevuna, si haba. Baba amevaa sweta wiki nzima kwa baridi ya Julai na sasa anadai ni ya kwake tangu zamani. Mimi si mzima sana, ila naelekea. Naiandika hivyo kwa sababu nimechoka na ule uzima wa juu ya karatasi.

Barua yenu alikabidhiwa Nathanaeli stendi. Aliisoma njiani, akafika nyumbani akaisoma tena akiwa amesimama, kisha akanipa. Alikwenda akamtoa yule mwekundu mwenyewe na kumkabidhi kwa ofisa mifugo, na mama yake akiangalia. Mama mkwe aliketi ndani siku nzima, hakula. Nilimsikia akimtaja baba yake. Usiku huo nilimwonea huruma, na nilikuwa sijapanga kumwonea.

Kesho yake asubuhi tukapanda basi, mimi na Nathanaeli. Hospitali foleni ilikuwa ndefu. Daktari ni kijana, alishaanza kuandika malaria na taifodi kabla sijamaliza kukaa. Nikasema maneno yako kwa mpangilio ule ule, nilikuwa nimeyarudia tangu basi lilipopita Iguguno kama mtoto wa Komunyo ya kwanza. Akaacha kuandika. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia kaka yangu, daktari wa ng'ombe. Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena, akaniuliza habari za makondo moja baada ya jingine.

Damu imesema ninayo. Alipotaka kuandika dawa alitoa simu yake, akatafuta kwanza zipi zinamfaa mjamzito. Nilichungulia, nitakuficha nini. Aliandika maneno machache tu, akafungua ukurasa mmoja, akasoma hadi mwisho, akarudi kwenye karatasi yake. Hakuna picha za kutisha zilizomjia. Nikajiuliza ni jiwe gani wanalopandia wao. Kumbe ni lile lile, ila wao wanapanda wakiwa wanajua wanachokwenda kuchukua, na mimi nilipanda na hofu, nikaletewa hofu.

Namaliza dawa mwisho wa mwezi huu. Ameniambia nisiache hata homa ikiondoka. Imeondoka. Mgongo bado unanikumbusha asubuhi. Kila mwezi narudi kwake aniangalie.

Sasa, kaka, na mimi nitaandika. Nina mimba ya miezi sita kasoro. Siyo safari. Jana amecheza, mara mbili, nikiwa natwanga. Daktari hakuniahidi na mimi sijiahidi, lakini amecheza, na nimekuambia wewe kabla ya mama.

Nilitaka kuishia hapo, ila jana jioni limetokea jambo lingine. Mama mkwe alinifuata jikoni. Tangu ng'ombe wake aondoke alikuwa ananisalimia kwa kope tu, na mganga wa porini hamtaji tena. Alisimama mlangoni akaniambia nikipanda jiwe nimtafutie dawa ya magoti kwenye simu, maana yamemzidi. Zamani ningeandika dawa ya magoti, na wale jamaa wenye namba za simu wangefurahi.

Nilikuwa nachemsha maziwa. Nikamwambia, mama, nitapanda, ila kwanza niambie, ukiacha magoti, na wewe mwenyewe hujambo? Akasema hajambo. Nikamuuliza, na jioni, hupati homa? Usiku hulowi jasho?

Maziwa yakafura, nikayaepua. Kisha akavuta kigoda akakaa. Alisema homa anayo tangu mwaka juzi na hakumwambia mtu, alidhani ndio uzee wenyewe unavyoanza. Halafu akasema na yeye, kabla ya Nathanaeli, wawili walirudi njiani, na wakati ule walisema amerogwa na mke mwenzake, na yule mwanamke akafukuzwa. Alilisema hilo akiangalia sufuria. Nilimmiminia maziwa yaliyochemka, akayanywa.

Jumatatu tunapanda basi naye. Njiani nitamfundisha cha kusema.

Dina